Kumpima Mwanafunzi Usiyemwona

Kumfundisha mtu aliye mbali si jambo geni katika nchi yetu. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwafikia watu wazima wapatao milioni 2 kwa redio, kwa vijitabu, na kwa vikundi vya kusikiliza vilivyokutana chini ya miti na katika madarasa ya shule za msingi. Aliyesema redioni hakuwaona waliomsikiliza, nao hawakumwona. Hata hivyo, mtu aliyetaka kujua kama somo limeingia hakuhitaji karatasi ya mtihani. Alipita kijijini akatazama: choo kimechimbwa au hakijachimbwa, madimbwi karibu na nyumba yamefukiwa au yamejaa viluwiluwi vya mbu. Somo lilitolewa kwa mbali, likapimwa kwa karibu.

Nimelitaja jambo hilo kwanza kwa sababu leo tunaelekea kulipindua. Tumepata vyombo ambavyo wazee wetu wa mwaka 1973 hawakuviota: simu, vishikwambi, intaneti, na programu zinazosahihisha majibu kabla mwanafunzi hajainua kidole. Tunafundisha kwa mbali na kupima kwa mbali zaidi, kisha tunashangaa kwamba alama nzuri hazifanani na watu wanaozileta.

Ubishi mwingi ninaousikia juu ya upimaji wa mtandaoni unahusu wizi wa mitihani. Watu huuliza: utajuaje kwamba aliyejibu ndiye mwenye jina? Ni swali la haki, nami nitalijibu. Lakini naliona kuwa la pili. La kwanza ni hili: mwanafunzi akishajibu, nani anamrudia? Kupima ni safari ya kwenda na kurudi. Mwalimu hupeleka swali, mwanafunzi hurudisha jibu, na jibu lile humrudisha mwalimu kwa mwanafunzi akiwa na neno la kumwambia ambalo jana hakuwa nalo. Safari ikikatika kabla ya hatua ya mwisho, kilichobaki ni hesabu ya vyema na makosa. Hoja yangu katika kurasa hizi ni kwamba upimaji wa mbali umeshindwa hasa kwa sababu mpimaji harudi, na kwamba hili linatengenezeka hata katika wilaya kama zetu za Kibondo na Kasulu.

Tuanze na jaribio kubwa kuliko yote tuliyowahi kufanya. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilitaka kila mtoto aingie shule ya msingi ifikapo 1977. Vyuo vya ualimu vilivyokuwapo havikuweza kabisa kutoa walimu wa kutosha. Kuanzia mwaka 1976 waliandikishwa vijana wapatao 45,000, wengi wao wakiwa wamemaliza darasa la saba, wasomee ualimu hukohuko vijijini huku wakifundisha. Walipata masomo kwa njia ya posta, wakasikiliza vipindi vya redio, wakafundisha chini ya uangalizi, na mwishoni wakafanya mtihani. Watu waliwacheka. Walisema UPE maana yake ni Ualimu Pasipo Elimu, na kejeli hiyo iliwafuata baadhi yao mpaka siku ya kustaafu.

Sitawatetea katika kila jambo. Kijana wa darasa la saba anayemfundisha mtoto wa darasa la nne ana akiba ndogo ya elimu, na akiba ndogo huisha haraka. Lakini wanaocheka hawaangalii jinsi vijana wale walivyopimwa. Nilikuwa mwalimu kijana wakati huo, nikawaona wakufunzi wakisukuma baiskeli kwenye vilima vya Heru Juu kwenda kumtazama mtu mmoja akifundisha kipindi kimoja. Mkufunzi alikaa nyuma ya darasa. Aliona kama mwandiko ubaoni unasomeka, kama mtoto wa dawati la mwisho ameulizwa lolote, kama mwalimu anajua la kufanya jibu lisilotarajiwa linapotoka. Baada ya kipindi walikaa wawili hao kwenye dawati moja, na karatasi ya somo la posta ikafunguliwa mbele yao. Kijana aliyenakili majibu ya mwenzake hakuweza kujificha hapo, wala yule aliyekosea jibu kwa sababu hakuelewa maneno ya swali hakuonewa.

Mwaka 1989 Taasisi ya Kimataifa ya Mipango ya Elimu ya UNESCO ilichapisha utafiti wa Mählck na Temu uliowalinganisha walimu hao na wenzao waliosoma chuoni. Wale waliotarajia kuona pengo kubwa kati ya makundi hayo mawili hawakulipata. Sisi wa vyuoni hatukufurahi sana, maana tulidhani kuta za chuo ndizo zinazomfanya mwalimu. Mimi naamini kilichowasaidia vijana wale ni kwamba kulikuwa na mtu aliyewarudia. Na pale aliposhindwa kuwarudia, kwa sababu ya mvua au kwa kukosa usafiri, mpango ulidhoofika mara moja. Karatasi ya posta iliyorudi imesahihishwa baada ya miezi mitatu haikumfundisha mtu kitu. Aliiandika akiwa katika somo la sita, akaipokea akiwa amesahau hata swali.

Miaka arobaini na zaidi baadaye tulilazimika kujaribu tena, safari hii bila maandalizi. Tarehe 17 Machi 2020, siku moja baada ya mgonjwa wa kwanza wa korona kutangazwa nchini, serikali ilifunga shule. Taasisi ya Elimu Tanzania ilitayarisha vipindi vya masomo vikarushwa kwa televisheni na redio. Walioviandaa walifanya kazi kwa haraka na kwa moyo, na baadhi ya vipindi vilikuwa bora kuliko masomo mengi niliyowahi kuyakagua. Vyuo na kidato cha sita walirudi tarehe 1 Juni, na shule zote zikafunguliwa tarehe 29 Juni.

Sasa tazama jambo hilo ukiwa upande huu wa nchi. Mwaka ule miji ya Kasulu na Kibondo ilikuwa ingali ikitegemea majenereta ya dizeli. Gridi ya taifa ilikuwa haijafika. Vijijini televisheni ilikuwa ya mwenye duka au ya mwenye sola kubwa. Redio zilikuwapo, lakini miezi ile ni ya palizi na mavuno ya maharage, na mtoto aliye nyumbani ni mkono wa kazi. Hayo yote ni magumu ya kufikisha somo, na yamesemwa mara nyingi. Ninalotaka kulisema halijasemwa sana: hata katika nyumba iliyokuwa na redio, betri na mtoto aliyetulia, hakukuwa na njia ya jibu kurudi. Mwalimu wa redioni aliuliza, akanyamaza kidogo, akataja jibu sahihi. Mtoto aliyepata na mtoto aliyekosa walisikia sentensi ileile moja. Mwalimu wao wa darasa, ambaye aghalabu alikuwa akiishi umbali wa nusu saa kwa miguu, hakupewa kazi yoyote katika mpango ule. Alikuwa likizo.

Shule zilipofunguliwa, ziliagizwa kuongeza saa za masomo ili kufidia muda uliopotea. Agizo lilikuwa jema, ila lilikuwa na pengo. Ili ufidie lazima ujue nini kimepotea, na kwa nani. Watoto wawili wa darasa moja walirudi Juni wakiwa hawafanani tena: mmoja alikuwa na kaka wa sekondari aliyemsomesha kila jioni, mwingine hakushika kalamu kwa miezi mitatu. Shule iliyowaongezea wote wawili saa zilezile za mada zilezile ilimchosha wa kwanza na kumwacha wa pili pale alipokuwa. Siku mbili za kumsikiliza kila mtoto akisoma aya moja na kutoa hesabu tatu zingeokoa majuma mengi. Shule chache zilifanya hivyo kwa hiari yao. Mtihani wa darasa la saba ukafanyika Oktoba, na matokeo yakatangazwa kama kawaida.

Hata hivyo, tusijidharau kupita kiasi, maana wenzetu wenye kompyuta katika kila chumba walifanya vibaya zaidi kwa namna yao. Uingereza iliufuta mtihani wa mwisho wa sekondari mwaka 2020. Badala yake walimu walitoa makisio ya alama, kisha kanuni ya kompyuta ikayarekebisha kwa kutazama matokeo ya miaka ya nyuma ya shule husika. Matokeo yalipotoka Agosti, karibu makisio manne katika kila kumi yalikuwa yameshushwa. Mtoto hodari wa shule yenye historia mbaya alipewa alama za historia ya shule yake. Vijana waliandamana, na katika siku chache serikali ikaitupa kanuni ile na kurudi kwenye makisio ya walimu. Sisi wa kidato cha sita tuliwasubirisha, wakaufanya mtihani wao kati ya 29 Juni na 16 Julai, kila mmoja kwa mkono wake. Mashine ya Uingereza haikuwa na nia mbaya. Ilipewa kazi ya kumpima mtu ambaye haikuwahi kumsikia, ikatumia kile ilichokuwa nacho.

Je, basi, haiwezekani kumpima vyema mtu aliye mbali? Inawezekana, na mfano ulio bora haukutoka nchi tajiri. Mwaka huohuo wa 2020, Botswana ilipofunga shule, watafiti akiwamo Noam Angrist walizigawa familia zaidi ya 4,000 katika makundi. Kundi moja lilipata ujumbe mfupi wa hesabu kwa simu kila wiki. Kundi la pili lilipata ujumbe uleule, na juu yake mwalimu akapiga simu kwa dakika zisizozidi ishirini, akaongea na mtoto pamoja na mzazi. Kundi la tatu halikupata chochote. Matokeo yalichapishwa mwaka 2022. Ujumbe peke yake haukuleta tofauti ya maana. Ujumbe pamoja na sauti ya mwalimu ulipunguza kwa kiasi kikubwa idadi ya watoto wasioweza hesabu za msingi. Simu zenyewe zilikuwa zile ndogo za kawaida.

Nimeitafakari tofauti hiyo kwa muda mrefu. Ujumbe na simu vilibeba swali lilelile. Kilichoongezeka katika simu ni kwamba mtoto alisema jibu lake, mwalimu akalisikia, na wiki iliyofuata hesabu ikapandishwa au ikashushwa kulingana na alichosikia. Ile ndiyo safari ya kurudi. Fimbo ya mbali haiui nyoka, walisema wahenga. Lakini sauti ya mbali, ikiwa inasikiliza, inaweza kufundisha.

Sasa nieleze nilichokiona karibu na kwangu, katika siku za vishikwambi. Baada ya Sensa ya Agosti 2022 vishikwambi vilivyotumika kuhesabia watu viligawiwa walimu, na leo mwalimu wa kijijini anaweza kusoma mada ya kujiendeleza bila kupanda basi. Hilo ni jema kubwa. Walimu wawili ninaowafahamu, mmoja wa upande wa Kibondo na mwingine wa Kasulu, walisoma mtandaoni mada moja ya hesabu za sehemu, katika mafunzo ambayo sina haja ya kuyataja. Mwishoni kulikuwa na maswali kumi ya kuchagua jibu sahihi. Wa kwanza alipata tisa. Wa pili alipata manne, maana alikuwa amepanda kilimani kutafuta mtandao, mtandao ukakatika, na saa ya programu ikaendelea kuhesabu.

Walinitembelea kwa siku tofauti, nami niliwauliza wote wawili swali moja: kwa nini nusu ukigawa kwa robo unapata mbili? Yule wa tisa alijibu upesi.

“Unageuza sehemu ya pili, mzee, halafu unazidisha.”

“Kwa nini unageuza?”

“Ndiyo kanuni yake.”

“Na mtoto akikuuliza imekuwaje jibu likawa kubwa kuliko nusu uliyoanza nayo?”

Akacheka kidogo, akasema, “Watoto wetu hawaulizi hivyo, mzee.”

Yule wa manne alitazama huku na huku kabla ya kujibu. “Mzee, hapa pana nusu debe ya maharage,” akasema, akionyesha kwa mikono. “Kopo langu linachukua robo debe. Nikichota, nitajaza kopo mara ngapi?” Hakuitaja kanuni mpaka nilipomwomba.

Programu ilimpa wa kwanza cheti na kumwambia wa pili arudie mada. Haikusema uongo: wa kwanza kweli alichagua majibu tisa sahihi. Iliulizwa swali dogo, ikatoa jibu dogo, na sisi tukalichukua jibu hilo dogo tukalipa cheo kikubwa. Nyuma ya kila mmoja wa walimu wale kuna darasa la watoto wapatao tisini. Watoto wa yule mwenye cheti watakariri kugeuza na kuzidisha, na wakifika sekondari watasema hesabu ni uchawi. Hiyo ndiyo hasara ninayoizungumzia, nayo haionekani katika ripoti yoyote, kwa kuwa katika ripoti ni mtu mmoja amefaulu.

Nije sasa kwenye wizi. Dawa inayouzwa zaidi ni kamera. Katika nchi nyingi tangu mwaka 2020 mwanafunzi anayefanya mtihani nyumbani hutazamwa na programu inayofuatilia macho yake, mikono yake na sauti za chumbani. Marekani mwaka ule watahiniwa wenye ngozi nyeusi walilalamika kwamba programu hizo hazikutambua nyuso zao, wakalazimika kujimulikia taa usoni ili mashine ikubali kwamba wapo. Nyumba zetu, ambamo watu sita hulala vyumba viwili na kuku hupita katikati, zitahesabiwa na mashine kama hiyo kuwa zimejaa wezi. Lakini hata kamera ingekuwa nyoofu kama rula, ingetuambia tu kwamba aliyejibu ndiye mwenye jina. Isingetuambia kama anajua.

Nasi tuna ushahidi wa nyumbani kwamba ulinzi peke yake hautoshi. Mwaka 2012 Wizara ya Elimu ilieleza kwamba wanafunzi zaidi ya 5,000 waliochaguliwa kuingia kidato cha kwanza hawakujua kusoma wala kuandika. Watoto wale walifanya mtihani wa taifa ndani ya chumba, mbele ya wasimamizi, chini ya sheria kali. Walionwa kwa macho siku nzima. Hakuna aliyewasikia wakisoma. Ukaribu wa msimamizi ni kitu kimoja na ukaribu wa mwalimu ni kitu kingine. Mtu anaweza kukaa mita mbili kutoka kwa mtoto na asijue lolote juu yake.

Siku hizi imekuja akili mnemba, ambayo tangu mwishoni mwa 2022 inaandika insha ya kidato cha nne kwa muda wa kupiga chafya. Wenzangu wengi wanaiona kuwa kiama cha kazi za nyumbani. Mimi naiona kuwa imetufunua. Kama swali langu linaweza kujibiwa kikamilifu na kitu ambacho hakijawahi kukanyaga Kibondo, basi huenda swali langu halikumhitaji mwanafunzi wa Kibondo tangu mwanzo. “Eleza sababu tano za mmomonyoko wa udongo” ni swali ambalo hata kabla ya mashine lilijibiwa kwa kunakili daftari la mwaka uliopita. Jaribu hili: “Nenda kwenye shamba la kwenu au la jirani lililo kwenye mteremko. Pima kwa hatua kutoka juu mpaka chini. Niambie maji ya mvua yanapita wapi, na wewe ungeweka tuta mahali gani, na kwa nini si hatua kumi juu yake.” Mwanafunzi anaweza kuipelekea mashine swali hilo, ikampa maneno mazuri. Lakini mwalimu akimpigia simu na kumuuliza, “Hatua ya ishirini umekuta nini?”, maneno mazuri hayatamsaidia. Aliyekwenda shambani atajibu hata kwa Kiswahili cha kuvunjikavunjika, na hapo utajua.

Hili la swali la pili ndilo kiini cha ufundi wote. Jibu la kwanza laweza kuwa la mtu yeyote. Jibu la swali la pili, linalozaliwa kutoka katika jibu la kwanza, ni la mwenyewe. Mkufunzi wa mwaka 1976 alilijua hilo alipokaa dawati moja na kijana wake. Mwalimu wa simu wa Botswana alilijua. Programu za maswali kumi hazikupewa nafasi ya kulijua, na sisi hatukuzidai.

Najua nitaulizwa: mwalimu mwenye watoto themanini atapata wapi muda? Tuhesabu. Watoto wanne kwa siku, dakika kumi kila mmoja, ni dakika arobaini. Mwezi una siku za kazi ishirini, na nne mara ishirini ni themanini. Kila mtoto atakuwa amesikilizwa mara moja kwa mwezi. Ni mara chache, nakubali. Lakini nimeyajua madarasa ya ana kwa ana ambamo mtoto hakusikilizwa peke yake hata mara moja kwa mwaka mzima. Na asiye na simu? Nyumba ya tatu kutoka kwao ina simu, na mwalimu wa kijijini anaijua nyumba hiyo. Vocha za kazi hiyo ziingie katika bajeti ya shule kama chaki inavyoingia.

Wala si lazima kila kipimo kiwe kirefu. Mpango wa Uwezo, ulioanza kupima Tanzania mwaka 2010 kwa kuiga mfano wa India, ulituonyesha kwamba mtu wa kujitolea mwenye karatasi ya herufi, maneno, aya na hadithi fupi za kiwango cha darasa la pili anaweza kujua kwa dakika chache mtoto amefikia ngazi gani, akiwa amekaa naye uani kwao. Wengi waliuchukia kwa sababu takwimu zake zilitutia aibu. Mimi nauona upungufu wake mahali pengine: takwimu zilikwenda Dar es Salaam zikawa vitabu, lakini mtoto aliyeshindwa kusoma neno “samaki” uani kwao hakurudiwa na mtu. Kipimo kilikuwa kizuri, nusu ya safari ikabaki njiani. Karatasi ileile mkononi mwa mwalimu wake wa darasa ingekuwa dawa kamili.

Nitaulizwa pia juu ya haki. Mtihani mmoja kwa wote, sahihisho moja kwa wote, hauna upendeleo. Mwalimu anayemsikiliza mtoto anaweza kumpendelea mpwa wake. Ni kweli. Kwa kazi ya kuchagua nani aende wapi, sina kitu bora kuliko mtihani wa pamoja unaofanyika mahali pamoja chini ya usimamizi, na Chuo Kikuu Huria kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992 kilifanya vyema kuwafundisha wanafunzi wake kwa mbali na kuwaita vituoni kwa mitihani. Lakini kuchagua ni kazi ya siku chache katika mwaka. Siku zilizobaki tunapima ili tufundishe, na hapo upendeleo si hatari kubwa. Hatari kubwa ni kutomjua mtoto kabisa.

Wilaya zetu mbili zina sababu ya ziada ya kulijali jambo hili. Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya wakimbizi kutoka Kongo, na Nduta, wilayani Kibondo, ikafunguliwa upya mwaka 2015 kwa ajili ya Warundi. Watoto wao walisoma mitaala ya nchi zao wakiwa katika ardhi yetu. Mradi wa madarasa ya mtandao ulioanzishwa mwaka 2013 na Vodafone Foundation pamoja na UNHCR ulifika Nyarugusu ukiwa na vishikwambi, umeme wa jua na intaneti. Kwa mkimbizi, cheti ni shamba pekee analoweza kulibeba mfukoni. Siku atakapolikunjua mbele ya mtu asiyemjua, Uvira au Bujumbura au mbali zaidi, thamani yake yote itategemea kama yule mtu anaamini kwamba kuna aliyemsikiliza kabla ya kutia sahihi. Cheti cha alama zisizoaminika ni wizi, na anayeibiwa ni mwanafunzi aliyesoma kwa bidii, maana karatasi yake na ya asiyejua kitu zinafanana.

Kwa hiyo ninawaomba wanaotengeneza masomo ya mtandaoni, na wanaoyanunua kwa fedha za umma, waulize jambo moja kabla ya kusaini: mwanafunzi akikosea, nani atajua, na atamrudia kwa njia gani kabla ya wiki kwisha? Kama jibu ni kwamba mfumo utamwonyesha alama zake, mazungumzo yaishie hapo mpaka walete jibu lingine. Na ninawaomba walimu vijana, hasa wa huku juu ambako mtandao huja na kuondoka kama ukungu wa Juni, wasingoje mfumo ukamilike. Chukua majina ya watoto wako, ugawe wanne kwa kila siku, na uanze Jumatatu.

Mwenye hoja nzito kuliko hii na ailete. Bado nina masikio ya kuisikiliza.